Mwaka Tuliokula Milango Imefungwa

Numbi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe barazani kwangu hapa Lubumbashi, akaniambia mimi, dada yake mkubwa, kwa sauti yake ile ya polepole: "Yaya, Mama Monga amekufa. Ukuje." Nikamuuliza alikuwa anaumwa nini, kana kwamba hilo lilikuwa na maana yoyote. Nikamuuliza kilio kiko wapi, kana kwamba sikuijua nyumba! Numbi ni mdogo wangu wa mwisho, fundi wa kushona, amepita miaka thelathini na bado anaishi katika nyumba ya Mama pale Kamina. Mama Monga alikuwa jirani yetu tangu kabla ya vita. Simu ilipokatika nilibaki nimeshika ungo. Nilikuwa na neno la kumwambia yule mama, na nilikuwa nimelibeba zaidi ya miaka ishirini. Sasa hakuwa na masikio ya kulisikia, na mimi, mwalimu niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nilikaa pale nikilia kwa hasira juu ya nafsi yangu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ile vita kubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni bila mshahara. Baba vita ilikuwa imemzuia Likasi, na nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi, na Numbi aliyekuwa na miaka minane. Ndege za kijeshi zilipita juu ya mabati yetu zikienda Baze, kambi ile kubwa nje ya mji, na kila zilipopita Mama aliweka mkono juu ya kifuniko cha sufuria, usiniulize kwa nini. Treni ilikuja siku iliyopenda. Wakimbizi waliingia kutoka upande wa kaskazini na magodoro kichwani, wakatusimulia waliyoyaona, nasi tukasikiliza huku tukijua kwamba kesho unga utapungua tena sokoni. Chumba nilicholala na Numbi kilikuwa na kitanda kimoja, dirisha lililozibwa kwa katoni tangu kioo kipasuke, na godoro lenye harufu ya mkojo ambayo hakuna sabuni iliyoiweza, kwa sababu Numbi alikuwa na kifafa. Tangu umri wa miaka mitatu alikuwa akianguka, majuma mengine mara mbili au tatu, na mtaani kila mtu alijua sheria: akitoa povu usimguse, utaupata ugonjwa wake. Alikuwa na sahani yake na kikombe chake peke yake. Dawa aliyokuwa akipewa hospitalini iliisha treni ilipoacha kuleta chochote.

Mke wa askari mmoja, aliyekuwa akiuza samaki wakavu sokoni, ndiye aliyemwambia Mama habari za daktari wa Baze. Tulipanda lori la makaa, Mama amevaa kitenge cha kanisa, Numbi amelala mapajani mwangu. Daktari alikuwa mtu mrefu, mgeni kutoka mbali, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala, kwa hiyo alipoona nafahamu Kifaransa akageukia kwangu. Alimkagua Numbi macho, tumbo na magoti, akanipa chupa mbili za vidonge. Kimoja asubuhi, akasema, kimoja jioni, wala usiruke hata siku moja. Dawa hii ni nzuri, ataacha kuanguka. Lakini itamfungulia njaa, na mwili utanenepa, hata kama chakula si kingi. Msiipunguze wenyewe. Akinenepa mno nirudishieni nimpime, tutafanya hesabu upya. Akianza kutapika au kusinzia ovyo, njooni mbio, kwa kuwa inaweza kusumbua ini. Mama, aliyekuwa amekaa na mkoba wake, akaniuliza: "Anasema nini?" Nikajibu: "Anasema mutoto ataanza kula muzuri." Mama akainua mikono juu. "Mungu asifiwe!" Kwetu mgonjwa akirudiwa na njaa tunasema amepona, ndiyo dalili tunayoijua sisi. Ningemwambiaje mama mwenye makopo mawili ya unga nyumbani kwamba tumepanda lori kwenda kuitafuta njaa? Yale mengine nikayameza, tukarudi tukiimba nyimbo za kanisani juu ya magunia ya makaa.

Na kweli hakuanguka. Mwezi mmoja, miezi miwili, godoro likakauka, Numbi akaanza kuruka kamba na wenzake, Mama akatoa ushuhuda kanisani hadi wanawake wakapiga vigelegele. Lakini njaa nayo ilikuwa imefika. Mungu wangu, njaa ile! Sikuwahi kuona kitu kama kile. Alikomba sufuria ya bukari, yaani ugali, kwa kidole, akakwaruza ukoko, akala maganda ya viazi vitamu niliyoweka pembeni kwa ajili ya kuku wa jirani. "Yaya, njaa iko naniuma," aliniambia ametoka kula muda huohuo, na aliniambia kwa aibu, mtoto yule, macho chini. Ikafika siku akaanza kuzunguka mtaani. Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutafahamu kilichotokea. Kamina tulikula nje, uani, kila familia kwenye lupango lake, yaani kiwanja chake, na nyua zilikuwa za miti tu, unamwona jirani na sahani yake. Mtoto akipita wakati wa kula unamwambia "Karibu, tukule," naye ananawa, anakaa. Hakuna aliyemfukuza mtoto wa mwenzake kwenye bukari. Hilo lilikuwa jambo lisilofikirika hata wakati wa shida. Numbi hakuwa mwizi wala mlafi. Alipita tu wakati wa kula, kwenye lupango moja, halafu la pili, halafu la tatu, akaitwa, akaketi na sahani yake aliyoibeba kwapani kwa ajili ya ile sheria ya povu.

Mtu wa kwanza kuingiza sufuria ndani alikuwa mzee mmoja wa reli mwishoni mwa mtaa. Juma lililofuata wakawa wanne. Kisha siku moja nilirudi kutoka shule adhuhuri, jua kali, harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, imejaa mtaa mzima, na sikumwona mtu hata mmoja uani. Milango yote ilikuwa imefungwa. Ndani ya kila nyumba watu walikuwa wanakula kwa kunong'ona, na Numbi alikuwa amesimama katikati ya njia na sahani yake. Nilimshika mkono nikampeleka nyumbani, naye akaniuliza: "Bantu yote balienda wapi?" Nikamwambia wako shambani. Sisi pia tukaanza kula ndani, Mama akafunga kwa komeo, kwa sababu ukila nje peke yako mtaa mzima utahesabu matonge ya bukari unayotia mdomoni. Wala msifikirie majirani walikuwa wabaya. Watoto wao walikuwa wakikonda mbele ya macho yao, nywele zimegeuka rangi, miguu imevimba maji, na huyu wetu mashavu yalikuwa yamejaa, mikono imeviringana, gauni limepasuka kwapani. Tulikuwa tunampa sehemu kubwa, ni kweli, lakini hata siku za uji mwepesi hakukonda.

Mama Monga alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili, Monga mwenyewe, na mtoto wa kunyonya aliyeitwa Kasongo. Alikuwa mwanamke wa maneno, mcheshi, mtu wa kuitwa kwenye kila harusi kuwafunda mabibi harusi, na akicheka ulimsikia hadi kisimani. Kasongo alikufa wakati wa mvua, kwa homa na kuharisha, mwepesi mno mikononi. Tulilala kwao siku zote za kilio, Mama na mimi, tukapika, tukachota maji. Lakini nilipokuwa nimeinama nyuma ya jiko nikipepea moto wa mbabula, lile jiko letu la makaa, niliwasikia wanawake wawili. "Batoto yetu beko nakauka, wa kwabo anavimba tu. Ile mafuta inatoka wapi?" "Minyi sisemi mutoto iko mulozi. Nauliza tu." "Shi tunaona na macho?" Mama Monga alikuwa amekaa palepale, kitenge kichwani, akanyanyua uso akamtazama Numbi aliyekuwa ameketi karibu na sufuria. Nilijua ule mtazamo. Baada ya siku chache wanawake watatu wa kanisa walikuja kwetu, wakakaa kwenye viti vya sebuleni, wakakataa chai. "Mama Odette," mkubwa wao alimwambia Mama, akimwita kwa jina langu kama inavyopasa, "tumupeleke ku maombi. Kule banabafungisha batoto kula siku saba, kile kintu kinatoka." Mama aliwajibu kwa upole: "Mutoto wangu hatafunga. Iko na maladi, ni ugonjwa, haiko na kintu." Walipoondoka alikwenda chumbani akajifungia, nikamsikia akilia ndani ya mto. Nilijua nyumba ile ya maombi. Watoto walioingia walirudi mifupa mitupu, na wengine hawakurudi.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nataka nikiseme bila kukipaka rangi. Mimi ndiye niliyetunza dawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma maandishi ya chupa. Nilijiambia: akikonda, watamwacha. Nilijiambia pia kwamba daktari amepelekwa mbele kwenye mapigano, ambayo ilikuwa kweli, kwamba chupa ya pili inaelekea kwisha, ambayo pia ilikuwa kweli, na kwamba kidonge kimoja kwa siku kitatufikisha mbali. Uongo mzuri hujengwa kwa vitu vya kweli kama hivyo. Nikaacha cha jioni. Numbi akauliza: "Yaya, na ya mangaribi?" Nikamjibu: "Docta alisema moja inatosha." Mama sikumwambia kitu. Na kazi ikafanyika, jamani, ikafanyika! Juma la pili alianza kuacha mabaki kwenye sahani. Mwezi haujaisha, mashavu yakapungua. Mwanamke mmoja akamwambia Mama njiani: "Mungu amesikia, mutoto anapungua." Mama alirudi nyumbani anatabasamu, akanunua samaki wadogo, tukala mlango uko wazi nusu. Nikajiona nina akili kuliko daktari.

Ilikuwa Jumamosi, adhuhuri. Mama alikuwa anatwanga muhogo, mimi niko mlangoni nasahihisha madaftari, sufuria ya sombe inachemka kwenye mbabula katikati ya uwanja. Mama Monga alikuwa upande wake wa ua, anaanika nguo. Kati ya nguo zile zilikuwamo za Kasongo. Sijui kwa nini alizifua siku ile, labda ili azigawe. Numbi akasogea kwenye ua, akamuuliza kitoto tu: "Mama Monga, leo munapika nini?" Yule mama akageuka, na kilichomtoka sikuwahi kumsikia nacho: "Numbi, weye! Ile nyama ya bantu uko nayo mu mwili, siku moja utairudisha! Utairudisha mu moto!" Mchi wa Mama ukasimama hewani. Watu wakatokeza milangoni. Numbi akarudi nyuma akilia, akaja kukaa karibu na mbabula, na haikupita hata robo saa, nikaona shingo yake imegeuka, jicho limepanda juu. Nililijua jambo lile kabla halijatokea, nami sikusogea. Mwili wangu ulikataa. Niliwaza neno moja tu, cha jioni, cha jioni, na tayari ameangukia sufuria, mkono wa kulia ndani ya makaa, mboga inayochemka juu ya bega. Watu walisimama. Povu lilikuwa linatoka, na hakuna aliyemgusa. Aliyevunja ua, akapita na miti yake kifuani, akamvuta mtoto kwa mikono miwili na kumlaza mapajani mwake na povu lake lote, alikuwa Mama Monga.

Mtukutiko haukukatika. Uliacha kidogo, ukarudi, ukaacha, ukarudi, hadi tukamfikisha hospitalini amefungwa mgongoni mwa Mama juu ya baiskeli. Siku nne hakusema. Alipofungua macho hakumjua Mama. Maneno yalirudi moja moja, na yamebaki ya polepole hadi leo; mkono ulipona umekunjika kiwiko. Palepale kando ya kitanda nilirudisha kidonge cha jioni, bila kumwambia mtu, na nikaketi nikimsikiliza Mama Monga, aliyelala sakafuni siku zote nne, akisema na ukuta: "Kinywa yangu. Kinywa yangu njo ilifanya," yaani ndicho kilichofanya.

Tulipomrudisha Numbi nyumbani alikuja na kuku mweupe na pemba, ule udongo mweupe wa kupatanisha watu, kwenye jani. Alikuwa na kuku mmoja tu. Mtaa mzima ulikuja kushuhudia. Akapiga magoti mbele ya Mama, mikono kifuani, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Mama Odette, mutoto wangu alikufa, roho ikanichafuka, nikamulaani mutoto ya mwenzangu, na mu saa ileile akaanguka mu moto. Minyi sikuwa najua kama kinywa yangu iko na nguvu vile. Unisamehe." Mama alikuwa kiongozi wa wanawake kanisani, pemba si jambo la kanisa letu, na wachungaji walilikemea. Nilimwona akisita. Kisha akanyoosha mikono, Mama Monga akampaka, naye akampaka Mama Monga, wakalia wameshikana. "Simama," Mama alimwambia. "Siye wote tuko na njaa. Simama, mwanamuke mwenzangu." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Ilinipasa kusema maneno matano tu. Nilifungua mdomo, nikawaona watu wale wote, nikaona jinsi wanavyomtazama yule mama kwa woga na jinsi wanavyonitazama mimi, mamzel wa shule, bibi mwalimu, kwa heshima, nikafunga. Nikampeleka kuku jikoni. Tulikula nje siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, bukari nyingi, kila nyumba imeleta kidogo, watoto wamekaa mduara mmoja, na Numbi katikati yao akilishwa na mkono wa Mama Monga. Mama alinipa paja kwa sababu nilikuwa nimekonda kwa kukesha hospitalini. Nikalila. Lilikuwa tamu, na Mungu anisamehe, nililimaliza.

Mke wa yule askari alitutafutia chupa nyingine Baze, Numbi akanenepa tena, na safari hii hakuna aliyesema neno. Miaka mingi baadaye, hapa Lubumbashi, daktari wa watoto alinieleza, wala hakujua anamweleza nani, kwamba dawa ile kwa watoto wengine hubadilisha namna mwili unavyotumia chakula na kukihifadhi, kwamba njaa yao si ulafi, kwamba hupimwa uzito mara kwa mara, hupangiwa chakula, ikibidi hubadilishiwa dawa taratibu, na kwamba kuipunguza kiholela ni hatari kubwa kuliko unene. Alinichorea hata picha kwenye karatasi. Yote hayo nilikuwa nimeyasikia Baze, kwa Kifaransa kizuri, nikatafsiri nusu. Mama alikufa bila kuijua ile nusu nyingine. Na Mama Monga? Vita ilikwisha, treni zikarudi, yeye akabaki na jina jipya. Mama Kinywa. Mwanzoni walimwita hivyo nyuma ya mgongo, baadaye watoto wakamwita usoni. Hakuitwa tena kuwafunda mabibi harusi. Akisikia watu wanapandishiana sauti alikimbia, asije akasema neno. Kila Jumamosi alimwosha Numbi, akamsuka, akamfundisha kushika sindano kwa mkono wa kushoto, na yote hayo aliyafanya akiwa kimya. Kicheko chake sikukisikia tena.

Nilifika Kamina wameshazika. Nilimkuta Numbi jikoni kwetu anakatakata vitunguu vya kilio, sufuria kubwa za kukodi zimepangwa ukutani. Nikafunga mlango, nikamwambia yote, nimesimama, kama mtoto wa darasa la kwanza anayesema kwa nini hakufanya kazi yake. Aliendelea kukata. Nilipomaliza alifuta macho kwa mkono ule uliokunjika, na sikuweza kujua kama ni vitunguu. "Sasa juu ya nini unaniambia minyi, mulango imefungwa?" aliniuliza. "Minyi nishazoea mukono yangu. Enda useme kwa bantu ya kwake."

Siku ya kumaliza kilio, watu walipopewa nafasi ya kumsemea marehemu, hakuna aliyeinuka. Hata kaburini, niliambiwa, hakuna aliyetaka kumtaja sana. Nikasimama. Nilisema jina la dawa, nikasema vidonge vilikuwa viwili nami nikatoa kimoja, nikasema kinywa cha Mama Monga hakikumwangusha mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemwangusha mdogo wangu, na yule mama ndiye aliyemtoa motoni. Wazee walitazamana. Mwanamke mmoja akaguna "Eyo vidye," kwa Kiluba, kama tunavyoitikia neno zito. Monga, yule binti, sasa ni mama mtu mzima, alikuwa ameketi kwenye mkeka na kitambaa cha kilio kichwani. Alingoja nikae, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Nilipozaa wa kwanza," alisema, "nilimupa Mama, mbuya ya mutoto, amushike, amuite jina sawa bambuya yote banafanya. Alimushika, akafunga kinywa na kitambaa. Hakumuita. Wa pili pia, hakumuita. Wa tatu sikumupelekea tena."

Nikasema: "Monga, mudogo wangu, unisamehe."

"Yaya Odette, weye uko unakuja Kamina kila Noeli?"

"Ndiyo."

"Na kutoka mulango yenu mpaka mulango yetu, iko hatua ngapi?"

Sikuhitaji kufikiri. "Kumi na mbili," nilimjibu.

"Njo vile," alisema Monga, akachukua jagi na beseni, akaenda kuwanawisha watu mikono.